Miguu Kwanza, Mdomo Baadaye: Mafunzo Niliyopata Nikiamua Softiboli

Wazazi wanaokuja na viti vyao vya kukunja kutazama softiboli hapa Texas hudhani kazi ya mwamuzi ni macho na koo. Akitoa uamuzi wasioupenda, humwambia akapimwe macho. Sijasikia mzazi akimwambia mwamuzi akapimwe miguu, na huko ndiko makosa mengi huanzia. Mtu mwenye macho mazima akisimama mahali pabaya haoni kitu, na atalazimika kukisia kwa sauti kubwa.

Nilikulia Voi. Shuleni wasichana tulicheza raunda kwa fimbo na mpira wa tenisi, na hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote kuhusu michezo ya kupiga mpira na kukimbilia besi. Binti yangu alipojiunga na timu ya mtaa, kaskazini mwa Dallas, ligi ilikuwa na uhaba wa waamuzi, nami nilikuwa nimechoka kukaa kwenye kiti cha kukunja. Nikaenda kusomea. Siku hizi wikendi zangu nyingi za kiangazi naitwa Bluu. Huku mwamuzi hana jina. Kocha humwita kwa rangi ya shati lake.

Kwa asiyeujua mchezo: timu mbili za wachezaji tisa tisa, inningi saba, mpira mkubwa wa mduara wa kama sentimita 30, na mrushaji anayeurusha kwa kuzungusha mkono kutoka chini. Wasichana wakubwa hurusha kutoka mita 13.1. Besi ni nne na zimeachana mita 18.3, wakati kwenye besiboli ya watu wazima zimeachana mita 27.4. Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887 ndani ya jengo la klabu ya mashua, ikachezwa miaka yake ya mwanzo chini ya paa, na hadi leo uwanja wake umebaki mdogo. Msichana mwenye mbio hufika besi ya kwanza kwa takriban sekunde tatu. Kwa kawaida waamuzi ni wawili tu: mmoja nyuma ya besi ya nyumbani, mwingine kwenye besi. Watu wawili, besi nne, sekunde tatu. Mengine yote niliyojifunza yametokana na hesabu hiyo.

1. Pembe inashinda ukaribu

Kila mwamuzi mpya hutaka kulikimbilia tukio. Anaona vumbi besi ya pili, naye anakwenda kuinama juu yake, akiamini anayesimama karibu ndiye anayeona.

Mwalimu wetu, mzee mstaafu wa jeshi mwenye magoti mabovu, alituponya ugonjwa huo siku ya kwanza ya mazoezi. Alituweka watatu kuizunguka besi ya pili. Mmoja alisimama hatua mbili tu kutoka kwenye besi. Wa pili alikuwa nyuma ya mgongo wa mkimbiaji. Wa tatu alikuwa mbali kuliko wote, lakini ubavuni, mahali ambapo mstari wa macho yake ulikata njia ya mkimbiaji kwa pembe mraba. Mchezaji akateleza, mlinzi akashusha glavu. Wawili wa kwanza wakabishana kama aliguswa au hakuguswa. Wa tatu hakuwa na la kubishania, kwa sababu aliona mwanya kati ya glavu na mguu, na aliona ulipozibika.

Hilo ndilo jambo lenyewe: mwamuzi anatafuta mwanya. Ukisimama mgongoni mwa mtu, mwanya umefichwa na mwili wake. Ukisimama karibu mno, kila kitu kinapita mbele yako kwa kasi na macho hayajui yashike nini.

Vipimo tulivyofundishwa ni hivi. Mlinzi akilazimika kumgusa mkimbiaji kwa mpira, nyuzi 90 kutoka kwenye njia ya mkimbiaji, umbali wa mita tatu na kitu. Mlinzi akitosheka kukanyaga besi huku ana mpira, nyuzi 90 kutoka kwenye njia ya mpira unaorushwa, umbali wa mita tano hivi. Tofauti ina sababu yake. Mguso ni jambo dogo linalotokea mahali pamoja, kwa hiyo unasogea. Kwenye besi ya kukanyagwa unatazama vitu viwili vilivyo mbalimbali, mguu chini na glavu juu, na ukisogea sana kimoja kinatoka nje ya picha.

Kuna vitu vinne ambavyo havitakiwi kupita mgongoni mwako: mpira, mlinzi, mkimbiaji, na besi watakapokutania. Kila hatua ninayopiga uwanjani ni jaribio la kuviweka vyote vinne mbele ya uso. Nikiwa na muda wa kupiga hatua tatu za kukaribia au moja ya pembeni, napiga ile ya pembeni. Kisha nasimama. Afadhali kusimama tuli mahali pa wastani kuliko kupita mbio mahali bora, kwa kuwa kichwa kinachorukaruka hakioni mguu ulipogusa.

2. Mpira ukiwa ndani, kaa nje. Mpira ukitoka nje, ingia ndani

Hii ni kanuni ya softiboli hasa, nayo huwachanganya sana waamuzi wanaotoka besiboli. Kule mwamuzi wa besi, wakiwapo wakimbiaji, husimama ndani ya ule mraba wa besi, kwa sababu uwanja ni mpana na ana nafasi ya kujigeuza. Kwetu mraba ni mdogo. Ukisimama ndani, umesimama kwenye njia ya mpira unaorushwa kutoka kwa mlinzi mmoja hadi mwingine, na mpira huo hauna adabu.

Kwa hiyo mwamuzi wa besi huanza nje, nyuma ya mstari wa walinzi wa ndani. Kama hakuna mkimbiaji, anasimama kando ya mstari wa kulia, mita sita hivi nyuma ya besi ya kwanza. Mkimbiaji akiwa besi ya kwanza tu, anahamia begani mwa mlinzi wa besi ya pili. Akiwapo mkimbiaji besi ya pili au ya tatu, anahamia upande wa shotistopu, yule mlinzi anayecheza kati ya besi ya pili na ya tatu. Mpira ukipigwa ukabaki kwa walinzi wa ndani, wewe unabaki nje na kutafuta pembe yako.

Mpira ukivuka walinzi wa ndani na kwenda kwenye nyasi za nje, mambo yanageuka. Sasa mpira utarudi kutoka nje, na wewe ukibaki huko, mpira utakuwa mgongoni mwako wakati wakimbiaji wako mbele. Hapo unaingia ndani ya mraba kwa mbio, unazunguka kwa haraka kama ndoano, na unatokea ukiwa umemkabili mpigaji anayekanyaga besi ya kwanza. Kutoka ndani unaweza kwenda naye sambamba hadi besi ya pili, ukimwona yeye na mpira kwa pamoja.

Nilielewa kikamilifu nilipoendesha gari hadi Oklahoma City na binti yangu, kutazama fainali za vyuo vikuu zinazochezwa huko kila mwaka. Yeye alitazama mchezo. Mimi nilitazama waamuzi. Kule huwa zaidi ya wawili, na mpira ukipigwa mbali unaona wote wanasogea kwa wakati mmoja, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake. Binti yangu aliniuliza kwa nini napigia makofi mtu ambaye hakufanya kitu.

3. Besi ya kwanza: jicho liko chini, sikio liko juu

Kazi nyingi ya mwamuzi wa besi iko hapa. Mpira wa chini unapigwa, mlinzi anauokota, anaurusha, mpigaji anakimbia. Mguu wake na mpira vinafika karibu pamoja. Jicho moja haliwezi kutazama mguu unaokanyaga besi na glavu iliyoinuliwa kichwani.

Dawa yake ni kugawana kazi. Kwanza unautazama mpira unavyotoka mkononi mwa mlinzi, kujua kama unakuja sawasawa au utamvuta mwenzake atoke kwenye besi. Ukijua unakuja sawa, unauacha. Macho yanashuka kwenye besi na kubaki hapo. Sikio linasubiri kishindo cha mpira kwenye ngozi ya glavu. Mguu ulitua kabla ya kishindo, sefu: mkimbiaji amesalimika. Kishindo kilitangulia, auti: ametolewa.

Wasichosema katika vitabu ni kwamba kuna siku sikio halifai kitu. Upepo wa huku, wazazi wanaopiga ndoo, muziki wa uwanja wa jirani. Siku hizo narudi nyuma hatua mbili zaidi ili picha ipanuke na glavu iingie ukingoni mwa jicho. Si bora kama kusikia, lakini ndiyo iliyopo.

Pembe ya hapa nayo hubadilika. Mpira ukitoka kwa shotistopu au mlinzi wa besi ya tatu, naingia uwanjani hatua chache kupata nyuzi zangu 90. Ukitoka kwa mlinzi wa besi ya pili, nikiingia nitakuwa njiani mwake, kwa hiyo nabaki nje ya mstari.

Viwanja vingi vya vijana vina besi ya kwanza pacha, nusu nyeupe ndani ya mstari na nusu ya rangi ya chungwa nje. Mlinzi ana nyeupe yake, mkimbiaji ana ya chungwa, ili wasikanyagane. Mwanzoni niliidharau kama kitu cha watoto. Sasa naiona kama zawadi kwa mwamuzi: miguu miwili haipiganii tena sehemu moja, na kivuli cha mmoja hakifichi kiatu cha mwingine.

4. Nyuma ya mdakaji, kichwa ni jiwe

Kuna waamuzi wanaopenda besi na wanaopenda nyumbani. Mimi ni wa nyumbani. Huko nyuma ya mdakaji, ndani ya maski na kifua cha sponji, katika joto la Julai la Texas, ndiko unakoujua mchezo.

Nafasi inaitwa sloti, nayo ni mwanya kati ya bega la mdakaji na mpigaji. Hukai katikati, nyuma kabisa ya kichwa cha mdakaji, kwa sababu kichwa hicho kitakufunika mpira wa chini. Mguu ulio upande wa mpigaji hutangulia kidogo, miguu imeachana kuliko mabega, unajishusha hadi macho yawe sawa na mpaka wa juu wa eneo la straiki, yaani mrusho halali; ukipita nje yake bila kupigwa ni boli. Mpigaji wa mkono wa kushoto akija, unahamia upande wa pili na kugeuza kila kitu.

Eneo lenyewe lina upana wa besi ya nyumbani, sentimita 43, na kimo cha kuanzia kwapani hadi juu ya magoti kwa mpigaji aliyesimama kawaida yake. Kwa hiyo linabadilika kwa kila mpigaji. Binti mrefu ana eneo refu, mfupi ana fupi, na mpira uleule unaweza kuwa straiki kwa mmoja na boli kwa anayemfuata. Wazazi hawapendi kusikia hivyo.

Ukijishusha mno, mpira wa chini unaukisia. Ukikaa juu mno, kila mpira unaonekana uko chini. Kimo kikibadilika kati ya inningi ya kwanza na ya sita kwa sababu mapaja yamechoka, eneo lako la straiki nalo limebadilika bila wewe kujua, na mrushaji ataligundua kabla yako. Ndiyo maana nafanya mazoezi ya kuchuchumaa jikoni huku ugali unaiva. Familia yangu imezoea.

Mpira ukija, kichwa hakisogei. Warushaji wa ngazi ya juu huvuka kilomita 100 kwa saa, na kwa umbali ule mpira hufika chini ya nusu sekunde. Kichwa kikifuata, picha yote inatikisika. Macho peke yake ndiyo yanayousindikiza mpira, kutoka nyonga ya mrushaji, kupita juu ya besi, hadi ndani ya glavu. Lakini huamui kwa pale ulipodakwa. Kuna mpira unaoanguka ghafla. Unapita juu ya magoti ukiwa straiki halali kisha unadakwa karibu na vumbi, na uwanja mzima unapiga kelele kwamba ulikuwa chini. Kuna pia mdakaji mjanja anayeudaka nje na kuuvuta ndani taratibu. Umepita wapi ulipokuwa juu ya besi? Hilo pekee ndilo swali.

Mtihani mgumu ni mpira unaoonekana kupanda. Mrushaji anauzungusha kinyume, na mdakaji, akijua unakuja juu, anainuka na kukufunika. Hamu ni kuinuka naye. Usiinuke. Ukiinuka, umepoteza kipimo chako cha juu wakati uleule unapokihitaji. Baki ulipo, tazama kupitia mwanya uliosalia.

Mpira ukidunda au ukipaa nyuma yetu, mdakaji atageuka kuukimbilia, na mimi ndiye ukuta anaoelekea kuugonga. Natazama bega lake linageukia wapi, nami nampisha kwa kufunguka upande huo kama mlango. Kisha namfuata kwa pembe, si kwa mgongo.

5. Subiri

Mlinzi anamgusa mkimbiaji, anainua glavu juu kwa furaha, mpira unadondoka. Mwamuzi aliyekwisha kupiga ngumi hewani na kusema auti sasa ana shughuli. Ona, tulia, tafuta mpira uko wapi, kisha sema. Nusu sekunde ya kimya haijamdhuru mtu, ingawa kwa kocha wa timu inayoongoza huonekana mwaka.

6. Mpira una watazamaji wa kutosha

Hili lilinichukua muda kuliko yote. Kila mtu uwanjani anatazama mpira: wachezaji, makocha, mama mwenye kamera, mtoto anayekula barafu. Mwamuzi analipwa kutazama penginepo.

Mfano ni kuondoka mapema. Katika softiboli ya mrusho wa kasi, mkimbiaji haruhusiwi kuacha besi hadi mpira uuache mkono wa mrushaji. Akiwahi, ni auti. Sasa utaonaje mkono na mguu kwa pamoja? Kwa mahali uliposimama. Kutoka pale begani mwa walinzi wa ndani, ukijipanga vizuri, mzunguko wa mkono wa mrushaji unakuwa ukingoni mwa picha na kiatu cha mkimbiaji katikati. Ukimkazia macho mrushaji, kiatu kimekwisha kuondoka.

Mfano mkubwa zaidi ni kuziba njia. Kuna mchezo mpira ulipigwa mbali kati ya walinzi wawili wa nje, watu wote wakageuza shingo. Mlinzi wa besi ya kwanza, bila mpira wala ubaya, akabaki amesimama palepale mpigaji alipotaka kupindia kwenda besi ya pili. Msichana akapunguza mwendo, akamzunguka, akaendelea. Nilikuwa nimeingia ndani na kuzunguka, nikautupia mpira jicho moja na kurudi kwa mkimbiaji. Nikanyoosha mkono wa kushoto ubavuni, ngumi imefumbwa. Ishara hiyo haisimamishi mchezo. Inasema nimeona, nitashughulikia baadaye. Akaja kuguswa besi ya tatu kwa nafasi ndogo sana. Nikasimamisha mchezo, nikampa besi ya tatu, kwa kuwa asingezibwa angefika.

Kocha wa ulinzi akatoka mbio. "Bluu, mpira ulikuwa kule!"

"Ndiyo maana mimi nilikuwa natazama hapa," nikamjibu. Alisimama kidogo akitafuta la kusema, akarudi bila kulipata.

7. Ishara ina sababu

Nilidhani ishara ni mapambo. Kisha nikagundua kila moja imepangwa na mtu aliyewahi kuumia. Maski huvuliwa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndio wa auti na straiki. Ukivua kwa kulia utampiga mtu auti kwa chuma. Kihesabio kidogo cha boli na straiki nacho hukaa kushoto. Ukionyesha hesabu, boli ni vidole vya kushoto na straiki ni vya kulia, na boli hutajwa kwanza.

Ishara ninayoipenda haina sauti. Mpira ukianguka ndani ya mstari, unaelekeza kidole uwanjani na kufunga mdomo. Ukianguka nje, unainua mikono yote na kupaza sauti. Mchezaji anayekimbia akisikia neno lolote kutoka kwa mwamuzi huelekea kusimama, bila kungoja kujua ni neno gani. Kwa hiyo sauti imetengwa kwa mpira uliokufa. Ukiwa hai, kimya chako ndicho kinachomwambia aendelee.

8. Mwenzako ni nusu ya macho yako

Kabla ya mchezo tunakutana kwenye maegesho, tunagawana uwanja. Nani anakwenda na mpira ukipigwa kulia? Nani anabaki na mkimbiaji wa besi ya tatu? Hakuna wakimbiaji na mpira uko ndani: mimi wa nyumbani namfuata mpigaji kuelekea besi ya kwanza, kwa sababu nusu ya mwisho ya njia ile ina ujia wake ambao hatakiwi kuutoka akaziba mpira, na kwa sababu kutoka nyuma yake naona kitu ambacho mwenzangu hakioni: kisigino cha mlinzi kikiinuka kutoka kwenye besi.

Kuna kaka mmoja kutoka Eldoret ambaye hupangiwa nami mara kwa mara. Siku moja alipiga auti besi ya kwanza, uamuzi mzuri kwa alivyoona. Kocha akamwendea kwa adabu, akamwomba aulize. Hapa ndipo kuna miiko. Anayeulizwa hajipeleki: hata kama nimeona wazi, sipigi kelele kutoka nyumbani. Aliyetoa uamuzi ndiye anayekuja, na ndiye pekee anayeubadilisha. Tulikutana mbali na watu.

"Dada, ule mguu?"

"Ulitoka mapema."

"Una hakika?"

"Niliona besi yote nyeupe."

Sikumwambia abadilishe. Nilimpa nilichokiona. Akarudi, akatandaza mikono, sefu. Kocha wa upande wa pili alilalamika kwamba hakuelewa tulichosemezana, jambo ambalo, kwa kweli, lilikuwa sahihi. Tangu hapo tunajitahidi kuzungumza Kiingereza mbele yao, lakini jua likiwa kali lugha hujichagua yenyewe.

9. Nunua viatu

Vya nyumbani viwe na chuma mbele. Mpira unaochepuka kwenye gongo unapenda kidole gumba kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwamuzi. Kunywa maji kabla ya kiu. Basi.

10. Ukiwa peke yako, chagua usichokiona

Ligi ndogo mara nyingi hupata mwamuzi mmoja, na ndivyo ilivyo kwa mwalimu wa michezo anayesimamia softiboli kwenye shule za kwetu, Kenya, Uganda au Tanzania, mwenye filimbi na kofia tu. Mtu mmoja hawezi kuona besi nne. Anayejifanya anaziona zote huishia kukimbia huku na huku na kutoona hata moja.

Nikiwa peke yangu naanzia nyumbani daima, kwa sababu boli na straiki haziwezi kuamuliwa kutoka kwingine kwa haki. Mpira ukipigwa, natoka kushoto kwa mdakaji na kuingia uwanjani, kuelekea duara la mrushaji, mahali ambapo naweza kugeukia besi yoyote kwa hatua mbili au tatu. Kama hakuna wakimbiaji, nakwenda upande wa besi ya kwanza kadiri sekunde tatu zinavyoruhusu. Kama wapo, nashikamana na yule aliye mbele zaidi, maana ndiye anayekaribia kufunga, na wa nyuma namtupia jicho la pembeni. Umbali nimeupoteza; kilichobaki ni pembe, nayo naitunza.

Haya yote nawaambia makocha kabla ya mrusho wa kwanza. Nawaonyesha kwa kidole: kutoka hapa nitaona hiki, kile nitakiona nusu, na anayeondoka mapema besi ya kwanza wakati kuna mwenzake besi ya tatu huenda akanipita. Kocha mmoja, mama mwenye sauti kubwa na miwani ya jua mikubwa zaidi, aliniuliza sasa huyo wa besi ya kwanza nani atamwona. Nikamwambia atamwona yeye, na ataniarifu kati ya inningi, kwa sauti ya chini, nami nitamkodolea macho mrusho mmoja au miwili inayofuata. Alicheka. Inningi ya tatu akaja kuniarifu, na alikuwa anamsema mchezaji wake mwenyewe.